Mabega yanayokakamaa kwenye cherehani

Pole sana, dada yangu. Umesema unashona Mwanjelwa kutwa nzima, na ikifika alasiri mabega yanakakamaa hadi shingoni. Msuli unaotoka shingoni kwenda begani ndio unaoinua bega. Ukiinama juu ya cherehani unabaki umejikaza muda wote bila kupumzika. Na baridi hii ya Mbeya, Juni na Julai, inatufanya tujikunyate bila kujua.

Jaribu sasa hivi: vuta pumzi, pandisha mabega karibu na masikio, kisha yaachie yaanguke yenyewe huku ukitoa pumzi. Umeona yalivyokuwa juu? Fanya hivyo kila ukimaliza kipande, halafu simama kidogo, uzungushe mabega kwenda nyuma. Kiti nacho kitazame. Kikiwa kifupi, viwiko vinapanda na mabega yanafuata, weka mto. Usiku, kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa kinasaidia mno, kisiunguze tu.

Ila mkono ukifa ganzi au kuishiwa nguvu, nenda hospitali. Na ukibanwa kifua pia, nenda saa hiyo hiyo, usingoje kukuche.