Kubeba bastola waziwazi North Carolina

Ndugu, umeuliza kama unaruhusiwa kubeba bastola kiunoni waziwazi huko North Carolina, jimbo la Marekani, ilhali hukuona kifungu kinachoruhusu. Jambo lisilokatazwa na sheria huwa halali, na mahakama ya juu ya jimbo hilo ilitamka tangu 1843, katika kesi ya Huntly, kwamba kubeba bunduki peke yake si kosa; kosa ni kuibeba ili kuwatia watu hofu. Hata hivyo, shuleni na kwenye maandamano ni marufuku, na koti likiifunika tu, unaingia kwenye sheria ya silaha iliyofichwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni viza: mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida hukatazwa na sheria ya shirikisho (ya Marekani nzima) hata kuwa na bastola nyumbani, kwa hiyo tafadhali muone wakili kabla hujainunua.