Maswali ya wasomaji: Yudithi, mfalme Baltazari na theluji ya Bethlehemu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu picha za kale za Ulaya, zile zilizochorwa kutoka katika Biblia na ngano za Wagiriki na Warumi. Nimechagua chache.

Shikamoo mwalimu. Nimeona mtandaoni picha ya mwanamke anamchinja mwanamume kitandani, imeandikwa Yudithi na Holofernesi. Nimeitafuta hadithi hiyo kwenye Biblia yangu, siioni. Inatoka wapi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Nadhani Biblia yako ni ile ya Union, yenye vitabu 66. Azima ya jirani Mkatoliki, humo utakikuta Kitabu cha Yudithi. Holofernesi, jemadari wa Waashuri, ameuzingira mji wa Bethulia na maji yamekatwa. Yudithi, mjane, anajipamba, anaingia kambini na kijakazi wake, anasubiri jemadari alewe, kisha anamkata shingo kwa upanga wa jemadari mwenyewe, mapigo mawili. Kichwa kinatiwa kwenye mfuko wa chakula.

Wachoraji wengi wameigusa hadithi hii. Caravaggio aliichora Roma mwishoni mwa miaka ya 1590, na kijakazi wake ni bibi kizee aliyesimama pembeni ameshika kitambaa, anakodoa macho. Lakini picha unayoieleza wewe naamini ni ya Artemisia Gentileschi, ya mwaka 1620 hivi, iliyoko katika jumba la makumbusho la Uffizi mjini Florence. Soma kwanza sura ya 13, ndipo uitazame. Kitabu kinasema kijakazi aliambiwa angoje nje. Artemisia amemwingiza ndani, tena si kizee: ni msichana mwenye nguvu, amemkandamiza yule mtu kwa uzito wake wote. Holofernesi anamsukuma kwa ngumi, na ngumi haifui dafu. Yudithi amepandisha mikono ya gauni, ameshika nywele kwa mkono mmoja na upanga kwa mwingine, na kiwiliwili amekirudisha nyuma kidogo. Damu inachirizika kwenye shuka nyeupe.

Wengi huiita picha ya kisasi, kwa kuwa Artemisia alibakwa na mchoraji Agostino Tassi mwaka 1611, na kwenye kesi ya 1612 ni yeye aliyebanwa vidole kwa kamba ili ijulikane kama anasema kweli. Uchungu ule siupunguzi hata kidogo. Ila tukiishia hapo tunamnyima haki yake kama fundi. Alielewa kitu ambacho wanaume waliomtangulia hawakukiona: kumuua jemadari mwenye misuli ni kazi ya watu wawili.

Nitamtofautishaje Yudithi na Salome? Wote wanabeba vichwa. (Msomaji, Kisumu)

Tazama chombo. Kichwa kikiwa kwenye kombe, ni cha Yohana Mbatizaji, na msichana ni Salome, binti wa Herodia. Kikiwa kwenye mfuko, au mwanamke mwenyewe akiwa na upanga, ni Yudithi. Wapo wachoraji waliochanganya, lakini mara nyingi kanuni hiyo itakufaa.

Kwa nini mmoja wa mamajusi huwa mtu mweusi? Injili haisemi hivyo. (Baba wa ubatizo wa Baltazari mdogo, Moshi)

Hongera kwa mtoto. Kweli, Mathayo hasemi rangi, hasemi majina, hasemi hata walikuwa watatu wala wafalme. Utatu ulitokana na zawadi: dhahabu, uvumba na manemane. Ufalme ulitokana na Zaburi ya 72, inayotaja wafalme wa Sheba na Seba wakileta vipawa. Baadaye watu wa Ulaya wakawafanya watatu hao wasimame badala ya mabara matatu waliyoyajua, na katika karne ya 15 mfalme mweusi, ambaye mara nyingi huitwa Baltazari, akawa jambo la kawaida kwenye picha, hasa Ujerumani na nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo.

Mzuri kuliko wote, kwangu mimi, ni yule wa mchoraji Hieronymus Bosch aliyeko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Amesimama wima, kanzu nyeupe, mkononi ana chombo cha mviringo chenye ndege juu yake. Wenzake wanahangaika na zawadi zao, yeye ametulia kama mtu aliyezoea kupokewa. Na msidhani wachoraji wote walibuni tu sura hizi. Mwaka 1521 Albrecht Dürer alikuwa Antwerp, akamchora mwanamke Mwafrika wa miaka 20 aitwaye Katharina, mtumishi katika nyumba ya wakala wa mfalme wa Ureno. Ameinamisha macho, kitambaa kichwani. Jina lake na umri wake Dürer aliviandika palepale kwenye karatasi. Kwa hiyo weusi walikuwako mijini mwao, na wengi hawakuwa wafalme.

Nimesoma kwamba Andromeda alikuwa binti wa mfalme wa Ethiopia. Mbona kila picha ni mzungu? (Mwanafunzi, Nairobi)

Swali lako limeulizwa kitambo, na si na Mwafrika. Francisco Pacheco, baba mkwe na mwalimu wa mchoraji Mhispania Velázquez, aliliuliza katika kitabu chake kuhusu uchoraji kilichotoka Seville mwaka 1649: kwa nini wanamchora mweupe ilhali waandishi wa kale wanasema alikuwa mweusi? Ovid, mshairi Mrumi aliyesomwa na wachoraji wote hawa, anaandika waziwazi kwamba Perseus, shujaa aliyemwokoa na nyoka wa baharini, alimpenda Andromeda mwenye rangi ya nchi yake.

Ila Ovid huyohuyo, mahali pengine, anasema Perseus alipomwona amefungwa mwambani angedhani ni sanamu ya marumaru, isipokuwa upepo ulipeperusha nywele zake na machozi yalimtoka. Wachoraji wakaishika marumaru, wakaiacha Ethiopia. Titian, akimchorea Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania katika miaka ya 1550, alimfanya mweupe kuliko povu la bahari lililo chini yake. Picha hiyo iko Wallace Collection, London. Rangi yake ni ya ajabu, na namna Perseus anavyoporomoka kutoka angani kichwa chini haina mfano. Lakini Titian alikuwa amesoma. Alijua Ethiopia iko upande gani, na alichagua.

Bethlehemu kuna theluji kiasi hicho? (Msomaji, Zanzibar)

Picha uliyoiona, ile ya sensa ya Bethlehemu, ni ya Pieter Bruegel, ya 1566, iko Brussels. Amekihamisha kijiji kizima cha Injili ya Luka hadi kwao, Ubelgiji ya leo, na theluji ni ya huko. Watu wamesongamana mlangoni pa nyumba ya wageni kuandikisha majina, nguruwe anachinjwa, watoto wanateleza kwenye barafu. Mariamu yuko hapohapo juu ya punda, Yusufu mbele na msumeno begani, na hakuna anayewatazama. Ukutani kuna nembo ya ukoo wa Habsburg, ukoo wa Felipe yuleyule, aliyetawala huko pia. Waliolipa kodi yake hawakuhitaji kufafanuliwa Kaisari Augusto ni nani.

Kanisa liliruhusu uhuru wote huo? (Padre, Bukoba)

Si kila mara, Baba. Mwaka 1573 mchoraji Veronese aliwamalizia watawa wa Mtakatifu Dominiko, Venice, Karamu ya Mwisho yenye upana wa karibu meta 13, kwa ajili ya ukumbi wao wa chakula. Akaitwa mbele ya mahakama iliyochunguza uzushi. Wakamuuliza: huyu anayetoka damu puani anafanya nini hapa? Na wachekeshaji? Na askari wa Kijerumani? Akajibu kwamba wachoraji hujiruhusu kama wanavyojiruhusu washairi na wendawazimu. Akapewa miezi mitatu airekebishe kwa gharama zake. Yeye akaandika juu ya picha maneno yanayoelekeza kwenye Luka sura ya 5, pale Lawi anapomfanyia Yesu karamu kubwa nyumbani mwake. Kwenye karamu ya mtoza ushuru, askari na walevi wana haki ya kuwapo.

Naweza kuziona bila kusafiri? (Wengi)

Ndiyo, tena bure. Prado, Rijksmuseum ya Amsterdam na National Gallery ya London zimeweka picha zao kwenye tovuti, na unaweza kuzikuza hadi ukaona nyufa za rangi. Tumia kompyuta kama ipo, simu inabana. Anza na Bosch.