Maswali na Majibu: Miezi 14 chini ya mitaa ya Lwów

Makala yetu iliyopita ilieleza habari za familia ya Chiger, Wayahudi wa mji wa Lwów waliojificha ndani ya mifereji ya majitaka kuanzia Juni 1943 hadi Julai 1944. Kwa ambaye hakuisoma: baba aliitwa Ignacy, mama Paulina, binti yao Krystyna alizaliwa mwaka 1935, na mdogo wake, Paweł, alikuwa na takriban miaka minne waliposhuka. Kabla ya vita Lwów ulikuwa mji wa Polandi. Leo unaitwa Lviv na uko Ukraine. Barua zilizotufikia zimezidi nafasi tuliyonayo, kwa hiyo najibu chache.

*Ndugu mwandishi, kwa nini hawakukimbia mapema, au kujificha kwa jirani kama binadamu wengine? (Msomaji, Morogoro)*

Mtu hukimbia akiwa na pa kukimbilia, ndugu yangu. Septemba 1939 Polandi iligawanywa kati ya Ujerumani na Umoja wa Kisovieti, na Lwów ikaangukia upande wa Wasovieti, hata Wayahudi waliotoroka Wajerumani kutoka magharibi wakamiminika humo wakidhani wamefika salama. Mwishoni mwa Juni 1941 Wajerumani wakaingia, na katika wiki za mwanzo tu Wayahudi kwa maelfu wakauawa. Kuhusu jirani, amri ya Oktoba mwaka huohuo iliweka adhabu ya kifo kwa yeyote aliyemficha Myahudi katika Polandi iliyotawaliwa na Wajerumani, na mara nyingi jamaa zake nao waliangamizwa pamoja naye.

Hata hivyo Ignacy hakukaa kungoja. Walipofungiwa kwenye geto, yaani mtaa ambao Wayahudi walilazimishwa kuishi, alitengeneza maficho nyuma ya kuta za uongo, na watoto wakazoea kukaa humo saa nyingi, gizani, bila kutoa sauti, huku wazazi wakiwa katika kazi za kulazimishwa na treni zikipeleka watu Belzec, kwenye kambi ya kuulia kwa gesi. Mwaka 1943, ilipoonekana wazi kwamba geto litafutwa, yeye na wenzake wachache walitoboa sakafu ya chumba cha chini ya jengo, kidogokidogo, mpaka wakafika kwenye mfereji. Humo ndimo walimokutana uso kwa uso na Leopold Socha, Mpolandi aliyekuwa fundi wa mifereji ya mji.

*Nimesikia kwamba Socha alilipwa. Kama alilipwa, ushujaa wake uko wapi? (Msomaji, Mombasa)*

Alilipwa, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Makubaliano yalikuwa zloti 500 (fedha ya Polandi) kwa siku, zigawanywe kati yake na mafundi wenzake wawili, Stefan Wróblewski na Jerzy Kowalow. Wala Socha hakuwa malaika: ujanani aliwahi kuwa mwizi na alifungwa jela.

Lakini tupime vizuri. Mkate wa kulisha kundi zima ulipaswa kununuliwa kwa magendo wakati chakula kilipokuwa cha mgao, na mtu aliyenunua mikate mingi kila siku alitazamwa kwa jicho la shaka. Mafundi hao wangeweza kuchukua fedha za mwezi mmoja, kisha wakawauza Wayahudi hao kwa Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, na kuna watu wengi waliofanya hivyo hasa. Zaidi ya yote, fedha za familia ziliisha, na mkate haukukatika. Baadhi ya gharama mafundi walizitoa mfukoni mwao. Magdalena, mke wa Socha, alikuwa akifua nguo zilizotolewa mferejini, kazi ambayo kila ilipofanyika ingeweza kumpeleka kwenye kitanzi. Mimi naona malipo yale yalimleta Socha mlangoni, ila hayakumfanya abaki. Mwenyewe alikuwa Mkatoliki, na familia inasimulia kwamba aliiona kazi ile kuwa njia ya kulipia dhambi zake za zamani.

*Waliishije humo? Walikula nini, walikunywa nini? (Msomaji, Kigoma)*

Waliketi juu ya mbao na mawe, katika chumba cha mfereji ambamo mtu mzima hakuweza kusimama wima, wakiwa na taa ndogo ya kabaidi, chawa, na panya wasiohesabika ambao ilibidi mkate ulindwe dhidi yao. Maji ya kunywa ndiyo yaliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Wanaume walitambaa kwa tumbo ndani ya mabomba membamba hadi mahali palipokuwa na maji safi yaliyodondoka tone kwa tone, kisha wakarudi wakiwa wameng'ata mpini wa birika kwa meno, kwa sababu mikono ilihitajika kwa kutambaa. Ijumaa jioni Paulina aliwasha mishumaa ya Sabato, na aliyemletea mishumaa hiyo ni Socha.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha mjini, na maji yakapanda chumbani hata watoto wakainuliwa karibu na dari ili wapate pumzi. Yalishuka yakiwa yamebakiza nafasi ndogo sana. Kwenye kundi hilo mama mmoja alijifungua, na mtoto hakuishi. Krystyna naye alifika mahali akakata tamaa, akaacha kuzungumza, na Socha akambeba hadi chini ya chemba ambapo mwanga wa mchana ulipenya, ili auone tu.

Kati ya watu 21 ambao Socha alianza nao, waliotoka hai ni 10. Wengine walishindwa kuvumilia wakapanda juu na kuuawa, wengine mikondo ya maji iliwachukua. Kwamba baba, mama na watoto wote wawili walikuwamo katika hao 10 ni jambo la nadra sana. Lwów ulikuwa na Wayahudi zaidi ya 100,000 kabla ya vita, na waliokutwa hai mjini Wajerumani walipoondoka walihesabika kwa mamia.

*Wapolandi waliozikwa Tengeru, hapa karibu na Arusha, walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler? (Msomaji, Arusha)*

Hapana, ingawa Wayahudi wachache walikuwamo. Wengi walikuwa Wakatoliki kutoka mashariki ya Polandi, eneo hilohilo la Lwów, ambao Wasovieti waliwapeleka kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati mwaka 1940 na 1941. Walipoachiliwa walipitia Iran, na wapatao 5,000 wakafika Tengeru kuanzia 1942.

*Ilikuwaje baada ya kutoka? (Msomaji, Zanzibar)*

Socha alifungua chemba mwishoni mwa Julai 1944, Jeshi Jekundu la Wasovieti lilipouchukua mji. Mei 1946 aligongwa na lori la kijeshi akimsukuma binti yake pembeni, akafa, na wapo waliosema Mungu amemwadhibu kwa kuwasaidia Wayahudi. Mwaka 1978 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ilimtaja yeye na mkewe miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Familia ya Chiger ilihamia Israeli mwaka 1957. Krystyna akawa daktari wa meno, kisha akaenda kuishi Marekani. Sweta ya kijani aliyoivaa mferejini, iliyofumwa na bibi yake ambaye hakupona, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington.

Siku ile ya kutoka, mwanga uliwaumiza macho, na watu wa mtaani walisimama kuwatazama. Paweł, ambaye sehemu kubwa ya kumbukumbu zake ilikuwa ya mferejini, aliogopa watu na jua, akalia akitaka arudishwe chini.