Nilinunua Dola kwa Hofu

Nauza spea za mashini za boti hapa Amu (Lamu), Kenya, na muuzaji wangu wa Dubai hudai dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Kuanzia hapo daftari langu la bei likawa limejaa mistari: naandika, nakata, naandika tena. Januari 2024 maneno yakawa yale yale gatini kote, kwamba itafika 200. Nikachukua akiba yote nikanunua dola 2,000 kwa 163. Katikati ya Machi ilikuwa kama 137. Shilingi 52,000 zikapotea, na propela zenyewe sijaziagiza.

Nahodha mmoja, mteja wangu wa miaka, aliniuliza, "Mwanangu, Wamarekani wakutane kwao kupanga riba, mie propela inipandie?"

Ndiyo, ami. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5. Mwenye pesa zake, akiweza kupata asilimia 5 kwa kuikopesha serikali ya Marekani, hana haja ya kuhangaika na hisa za Nairobi. Huuza, hutafuta dola, huondoka. Dola zikigombaniwa, shilingi huanguka. Wakati mwingine hata riba haijaguswa: Mei 2013 Ben Bernanke, mwenyekiti wa benki hiyo wakati huo, alisema tu kwamba huenda wakapunguza ununuzi wa hatifungani, yaani hati za mkopo, na sarafu za India, Brazil na Afrika Kusini zikayumba.

Nililokosea mimi ni kutazama Washington peke yake. Hofu kubwa ya Januari ile ilikuwa deni letu la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa nje dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu yake. Mwezi huo huo ikauza hapa nyumbani hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na wageni wakaleta dola kuinunua. Shilingi ikainuka ndani ya wiki chache, huku riba ya Marekani haijashuka hata kidogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye duka, usinunue dola zote siku moja. Mimi sasa nanunua robo robo, kila mwezi, na zile tu ninazodaiwa. Mikutano ya riba ya Benki Kuu ya Marekani ni minane kwa mwaka, tarehe zinajulikana mapema, na tangazo hutufikia saa tatu usiku, au saa nne kwao kukiwa baridi. Wiki hiyo sikubali oda kubwa kwa bei ya zamani. Na kama mapato yako ni ya shilingi, tafadhali usikope kwa dola, hata ukiambiwa riba yake ni ndogo. Shilingi ikianguka, deni hukua usiku umelala.

Nahodha nilimuuzia propela yake kwa bei ya daftari la Desemba. Nilikuwa nimemuahidi.