Usimnyang'anye ng'ombe jioni yake

Wewe unayeanza kazi ya ng'ombe wa maziwa, kabla ya kushika ndoo, shinda nao malishoni siku moja ukiwa na saa mkononi. Utaona kwamba hawali ovyo. Wana milo miwili mikubwa: alfajiri na jua linapokaribia kuzama, na wa jioni ndio mrefu zaidi. Wana sababu. Majani yameshinda juani yakitengeneza sukari, na maji yake yamepungua kuliko asubuhi yenye umande. Mchana wanalala na kucheua.

Mwanzoni nilikuwa nakamua saa 11 jioni kwa sababu muda huo ulinifaa mimi. Mpaka wa mwisho akamuliwe na kundi lirudi, giza limeingia. Maziwa yakapungua, nikalaumu nyasi. Nilipoanza kukamua saa 9, wakawa wanapita lango na kuinamisha vichwa palepale, ukisimama karibu unasikia majani yakikatika. Kama malisho yako yamegawanywa, fungua kipande kipya baada ya kukamua jioni. Kuna faida nyingine: tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi baada ya kukamua, na ng'ombe anayekula amesimama, hajalala kwenye tope.

Chakula cha ziada ndicho kinachowachanganya wageni wengi. Kilo moja ya pumba na mashudu haijumlishwi tu juu ya nyasi. Ng'ombe hupunguza malisho kadiri unavyomjaza horini, hasa nyasi zikiwa nzuri. Akifika malishoni akalala, usimwite mvivu, ameshiba. Pima, na ugawe kati ya ukamuaji wa asubuhi na wa jioni, kwani nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja huchachua tumbo. Nyasi kavu mimi huzitoa mchana, wakati ambao hawachungi.

Tena ng'ombe hujifunza upesi mno. Nilizoea kumwaga pumba langoni saa ileile kila siku, na baada ya siku chache wakawa wanaacha kula mapema, wamesimama wakikodolea ndoo huku majani mazuri yako nyuma yao. Sasa pumba wanaipata wakiwa wanakamuliwa tu.

Jioni, ukipita muda wa kama saa moja tangu uwarudishe malishoni, pita uwahesabu. Wengi wakiwa wamelala na jua bado lipo, kaangalie hori kwanza, halafu saa yako ya kukamua.