Moja na nusu, au mbili?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini vita vikiisha kila mtu huja na hesabu yake ya raia waliokufa?

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa sensa Kasulu. Dodoso refu lilitutaka tuulize nani amefariki katika kaya kwa miezi 12 iliyopita. Mama mmoja akanijibu hakuna. Mumewe akakohoa: "Na yule wa masika?" Kumbe kichanga kilizikwa kabla ya kupewa jina, mama hakukiweka kwenye hesabu. Na hapo ni kwenye amani. Nyumba zilizobaki magofu tulizipita tu. Ungemwuliza nani?

Sasa vuka Ziwa Tanganyika uende Kongo. Mwanzoni mwa 2008 shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) lilitangaza kwamba vita vilivyoanza Agosti 1998, pamoja na madhara yake, vimeua watu milioni 5.4. Wengi wetu tulidhani ni risasi na mapanga. Sivyo. Walioondoka zaidi ni wa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Maiti hizo hakuna aliyezihesabu. Katika awamu ya mwisho watafiti walipita kaya 14,000 wakiuliza kama nilivyouliza mimi, wakapata kiwango cha vifo, kisha wakatoa vifo ambavyo vingetokea hata bila vita. Kilichobaki ndicho cha vita.

Ugomvi uko kwenye huko kutoa. Bila vita wangekufa wangapi? IRC ilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara: mtu mmoja na nusu kwa kila elfu kwa mwezi. Watafiti wa Human Security Report, wa Kanada, wakasema Kongo aliyoiacha rais Mobutu ilikuwa hoi kuliko wastani, wekeni wawili. Nusu mtu tu, mhariri! Vifo vilivyohesabiwa kuwa vya vita, Mei 2001 hadi Aprili 2007, vikashuka kutoka milioni 2.8 hadi 900,000 hivi. Na nani awaamulie, ikiwa sensa ya mwisho ya nchi ile ni ya 1984?

Sidhani kuna aliyedanganya. Hata vita vyetu vya Maji Maji dhidi ya ukoloni wa Wajerumani, wao waliandika 75,000, mwanahistoria Gwassa akakisia 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba.

Nina rafiki wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongo, aliyempoteza mama yake kwa kuhara porini wakikimbilia huku. Nilipomweleza haya akaniuliza, "Sasa mama yangu yuko kwenye hesabu ipi?" Nikamwambia kwa hesabu ya risasi hayumo. Kwa ile ya IRC angekuwemo, lakini waliulizwa waliobaki Kongo, na ninyi wote mlishavuka ziwa.