Re: Chombo cha maua cha marehemu nyanya, je, ni cha kale?

Dada, pole na msiba. Umesema kina maandishi "Made in England" na "Rd No" yenye tarakimu sita, na fundi mmoja pale Kibuye amekuhakikishia kina miaka 150. Hapo amekudanganya. Namba hizo za usajili zilianza 1884. Kabla yake, tangu 1842, Waingereza walipiga alama yenye umbo la almasi. Tena, "England" peke yake ilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, na "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kumbuka pia namba husajili umbo au nakshi, si siku chombo kilipochomwa tanuruni. Mtindo mmoja ungeweza kutengenezwa miaka mingi.

Kigeuze uangalie kitako. Ukingo wa chini usio na mikwaruzo hata kidogo hunitia shaka. Nyufa ndogondogo juu ya chombo, hizo usizitegemee kama dalili ya ukale: kuna wanaozitia makusudi na kuzipaka chai. Pitisha kidole kwenye maua: rangi ya mkono huwa na kituta, picha iliyobandikwa ina vitone ukitumia kioo cha kukuzia.

Usikiloweke kwenye Jik, tafadhali! Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini.

Mnunuzi akitaka kukipeleka ng'ambo, jua kwamba sheria ya makumbusho ya 2006 inadai kibali kwa vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Chako sidhani kinafika huko. Tuma picha ya kitako, mchana, bila flashi.